Teke la Pili

Habari ya mapacha ilizagaa Usangi nzima kabla Nakijwa hajamaliza kuvaa viatu.

Wa kulaumiwa alikuwa mumewe. Senkondo aliendesha winchi ya kamba inayopandisha watu na mizigo kutoka Mwanga. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, lakini jambo likimwingia masikioni huwa limekwisha fika mdomoni. Asubuhi ile walikuwa zahanati kwa zoezi la kwanza la mshipi. Nakijwa, mimba imeshuka na miguu imemvimba, alifungwa kipande chake tumboni. Saumu, mpokezi wao aliyeajiriwa kumpokelea uchungu, alifungwa cha kwake kwenye kitanda cha pili. Mkunga alipowasha, Nakijwa akashika ubavu.

"Ngoja," alisema. "Mtoto kapiga teke huku juu, halafu kuna teke jingine huku chini. Dogodogo. Kama la mtu mwingine."

Hakupaswa kusema vile mbele ya Senkondo. Kufumba na kufumbua alikuwa nje, ameshika redio ya kamba inayosikika kila kituo, kuanzia kileleni hadi bondeni.

"Wawili, jamani! Ni mapacha! Hapo kituo cha kati zimeni injini mnisikie vizuri, nimesema wawili!"

Bi Naetwe, mama yake Nakijwa, alisikia akiwa sokoni. Huyu alikuwa mwanamke wa kujiandaa. Tangu mimba ya mwanawe ikiwa changa alikuwa ameshona, amefua, amekunja, akafua tena na kukunja upya. Aligeuka pale pale akanunua beseni la pili, shuka la pili na kofia ya pili ya sufu, akapanda mlima akiimba peke yake. Alipofika nyumbani alimpongeza mkwewe kwa kuiambia nguzo ya mlango, maana kwao mama na mkwe wa kiume hawasemeshani uso kwa uso.

"Nguzo, mwambie baba watoto amefanya kazi nzuri."

"Nguzo, mwambie mama nimeshukuru sana," alijibu Senkondo, macho chini kwa adabu, kifua mbele kwa majivuno.

Nakijwa alicheka mpaka akashika mgongo. Kwa kweli hakuwa na hofu. Mtoto mmoja au wawili, uchungu usingekuwa wake.

* * *

Na hilo la uchungu ndilo lililokuwa limemkosesha raha tangu utoto. Kila arusi, kila msiba, kila wanawake wa ukoo walipokaa kumenya ndizi, ilihadithiwa jinsi Bi Naetwe alivyoshikwa na uchungu wa Nakijwa siku ya gulio, akaja kujifungua watu wamekwisha sahau walinunua nini. Walihadithia kwa vicheko, lakini binti aliyekuwa anasikiliza hakucheka. Siku mshipi ulipoingia wilayani, Nakijwa alikuwa kidato cha tatu, na alikata shauri siku hiyo hiyo.

Mshipi haufuti maumivu. Wengi walidhani hivyo mwanzoni, wakaaibika. Mwili unaomsukuma mtoto unaita, na usipojibiwa na mwili wowote unakata tamaa, uchungu unakatika njiani. Kwa hiyo mshipi unauhamisha mwito ule kwa mwanamke mwingine. Yeye ndiye anaumia, mwili wake ndio unajibu, na jibu linarudi kwa mzazi. Mzazi anabaki ametulia, anasukuma anapoambiwa, na kati ya kusukuma na kusukuma anaweza kupiga soga. Wanaume walijaribiwa pia, lakini miili yao haikujua kujibu. Senkondo mwenyewe alijitolea kwa moyo wote. Alianguka kama gunia mashine ya majaribio ikiwa haijapanda hata nusu, akazinduka akiuliza kama ni wa kike au wa kiume. Bi Naetwe naye alikuja na kitenge kiunoni, tayari, lakini presha yake ilimkatalia na mkunga akamrudisha nyumbani akinung'unika.

Ndipo akaajiriwa Saumu kutoka Kihurio, mpokezi wa kazi, msichana mkimya mwenye mabega mapana na gauni pana. Kama ilivyo kawaida, alihamia kwao kwa wiki ya chungu kimoja. Mzazi na mpokezi wanakula sahani moja, wanalala chumba kimoja, maana miili iliyokula pamoja inajibizana upesi. Na wakati wa mazoezi mshipi huachwa wazi pande zote mbili, ili kila mmoja amzoee mwenzake.

Mkunga Nanzia hakupenda habari za redioni. Siku iliyofuata aliwaita wote zahanati, akampaka Nakijwa mafuta ya baridi tumboni na kuwasha kioo cha ukutani.

"Haya, baba mapacha," alimwambia Senkondo. "Hesabu vichwa."

Senkondo alisogea karibu. Aliinamisha shingo kushoto, akaiinamisha kulia.

"Naona kimoja."

"Mgongo je?"

"Mmoja."

"Basi mtoto ni mmoja. Mnene, mzima, kichwa kiko chini anakotakiwa kukielekeza. Sasa nenda kawatangazie na hilo."

Senkondo alishusha pumzi ndefu mpaka wote wakamtazama. Kumbe usiku kucha hakulala. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, winchi ilikuwa na mtu mmoja, na yeye hata kubeba mtoto mmoja alikuwa anajifunza kwa boga. Alimshika mkewe mkono, akasema Mungu ni mwema, akatoka kwenda kujikana redioni. Walimsikia kupitia dirishani akidai kwamba kuna watu wametia chumvi.

Nakijwa alikuwa anafuta mafuta tumboni, na yeye akicheka, ndipo kicheko kikamkauka. Kama mtoto wake ni mmoja, lile teke la pili lilikuwa la nani?

Mshipi ulikuwa wazi pande zote mbili.

Alimtazama Saumu. Saumu alikuwa kwenye kona anakunja kipande chake cha mshipi, ambacho kilikwisha kunjwa, na hakuinua macho. Mkunga Nanzia aliwatazama wote wawili, mmoja kisha mwingine, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Halafu akazima kioo.

"Mimi huandika ninachokiona kwenye kioo na ninachokiuliza," alisema. "Leo kioo kimeonyesha mtoto mmoja. Na sijauliza kitu."

* * *

Kazi ya Nakijwa ilikuwa kutunza nyavu za ukungu, zile zinazosimamishwa kwenye vilele ili ukungu ukigonga ugeuke maji na kuteremka kwenye matangi. Alikuwa likizo ya uzazi, lakini mchana ule alimwomba Saumu amsindikize akazione nyavu zake. Walipanda polepole, wakikaa kila baada ya hatua chache kama wazee. Huko juu hakukuwa na mtu ila matone.

"Saumu," alisema Nakijwa. "Teke lile ni la kwako."

Saumu hakubisha. Alikaa chini kwenye majani mabichi, gauni likaloa, akafunika uso.

"Dada, usinisemee. Nakuomba kwa jina la huyo uliye naye tumboni."

"Ya miezi mingapi?"

"Mitano, nadhani. Mpokezi hapimwi ila leseni inapofanywa upya, na yangu bado. Nilitaka nimalize na wewe, niache kazi, nirudi Kihurio. Mwenzangu kalima mpunga, ananingoja. Sikutaka kumwibia mtu. Nilitaka nimalize salama niondoke kwa heri."

"Si ungesema tu una mimba ukaondoka?"

"Nikisema wataniuliza kama uzazi uliopita niliompokelea mwingine nilikuwa nayo au sikuwa nayo." Saumu aling'oa jani. "Nilikuwa nayo."

Ukungu ulipita kati yao. Wavu ulitetemeka, maji yakadondoka kwenye mfereji.

"Ikawaje?"

"Nilitokwa na damu. Mwili wangu ulijibu mwito wa yule mzazi, nao ukataka kumtoa na wa kwangu. Nikalala chali nikaomba dua zote ninazozijua. Damu ikakata." Aliinua uso, akajilazimisha kutabasamu. "Ilikata, dada. Na hii itakata. Wako wapokezi wengi wamefanya, sema hawasemi. Mtoto wako atazaliwa vizuri, wewe hutasikia kitu, na mimi nitakwenda zangu. Wewe nyamaza tu."

Nakijwa alitaka kuamini. Nisimfiche msomaji, alitaka sana, alitaka kwa mwili mzima. Yule si mtu mzima? Si kakubali mwenyewe? Si mimi niliyempa mimba, aliwaza, wala si mimi niliyemwambia afiche. Kunyamaza ndilo jambo rahisi kuliko yote duniani, halihitaji hata kufungua mdomo. Na mbele yake aliuona ule uchungu wa kuhadithiwa, wa gulio hadi gulio, umekaa unamsubiri ukiwa na jina lake.

Ndipo mtoto wake akapiga teke, zito, la kisigino. Bila kufikiri Nakijwa akashika tumbo. Alipotazama, Saumu naye alikuwa ameshika la kwake, chini ya gauni lililoloa, kwa mkono ule ule na kwa namna ile ile.

"Inuka," alisema Nakijwa. "Utapata baridi. Mko wawili."

* * *

Senkondo hakuambiwa. Nakijwa alimpenda mumewe, lakini siri hii haikuwa ya kupelekwa redioni. Alimwendea mama yake jikoni, ambako Bi Naetwe alikuwa anakoroga makande.

"Mama, kuna jambo la Saumu."

"Ana mimba," alisema Bi Naetwe, mwiko haukusimama. "Tangu siku ya pili anachagua maharage na kuniachia mahindi. Mimi nilidhani mnajua, mnaona haya kuniambia."

Nakijwa alikaa kwenye kigoda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua yameanzia wapi. Akatoa yote ya moyoni. Kwamba anaogopa. Kwamba ameogopa maisha yake yote, kila wakicheka na ile hadithi. Kwamba akiurudisha mshipi hakuna wa kumpokea, na akiutumia huenda akaamka na mtoto mikononi wakati mwenzake ameamka hana. Kwamba ameshaamua kuurudisha, na kuamua kwenyewe hakujamwondolea hofu hata punje.

Bi Naetwe aliepua chungu. Alivuta kigoda kingine akaketi magoti yao yakagusana.

"Hivi ile hadithi hatukuwahi kukuhadithia yote?"

"Nimeisikia mara mia, mama."

"Umesikia uchungu. Nani atahadithia mapumziko? Hayachekeshi." Alimfuta mwanawe uso kwa upindo wa kitenge. "Mwanangu, uchungu unakuja unaondoka. Unapoondoka, unaondoka kweli. Mimi nililala usingizi katikati. Nilikula ndizi mbili za kuchoma. Nilimsuka shangazi yako nywele, nikafika nusu ya kichwa. Hizo siku zote wanazozisema, ukikusanya kuumia kwenyewe hakujai asubuhi moja. Nyingine yote ilikuwa kungoja na kuongea."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unaondoka chumbani."

Nakijwa alicheka huku analia, na kitu fulani kilicholala kifuani mwake miaka yote kikasogea pembeni. Hakikuondoka, lakini aliweza kupumua. Bi Naetwe alinyanyuka, akalitoa lile beseni la pili juu ya kabati pamoja na shuka na ile kofia, akavipeleka chumbani na kuviweka juu ya kitanda cha Saumu. Saumu aliishika ile kofia mikononi. Kisha alilala na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kesho yake Nakijwa aliurudisha mshipi. Sheria ilimruhusu mzazi kuurudisha bila kutoa sababu, na mkunga Nanzia hakuitaka. Aliweka sahihi, akaufungia kabatini, akamgeukia Saumu.

"Umelipwa wiki nzima ya chungu, kaa uimalize," alisema. "Kazi ya kitandani haipo."

"Nyavu zangu zitakosa mtu mpaka mwanangu atambae," aliongeza Nakijwa. "Ukitaka kukaa zaidi ya wiki."

Aliyepigwa na butwaa ni Senkondo. Aliwasubiri nje, akatembea nao kimya hadi njia panda, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Sasa nani atapokea?" aliuliza mwishowe.

"Mimi."

"Wewe? Mke wangu, mimi niliuonja ule! Hata nusu sikufika!"

"Na ukaamka," alisema Nakijwa. "Ukauliza wa kike au wa kiume."

* * *

Uchungu ulimshika asubuhi na mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa mabati. Senkondo alisimamisha kamba nzima ya mlima ili mkewe ateremshwe peke yake hadi zahanati, na safari hii redioni alisema maneno matatu tu: "Njia wazi, tafadhali."

Uliuma. Msimulizi anayesema vinginevyo hajui asemalo. Uliuma kuliko alivyowaza na tofauti na alivyowaza, ukaanzia mgongoni na kumzunguka kama kamba inayokazwa na mtu asiye na haraka. Mara ya kwanza Nakijwa alipiga kelele akataka mshipi. Mara ya pili alimtaka mama yake, aliyekuwapo tayari, amemshika bega. Mara ya tatu Saumu, aliyekuwa amekaa miguuni kwake bila kazi, akainuka akamshika mikono.

"Usiukimbie, dada," alisema. "Ukiukimbia unakufuata. Uache uje. Tazama usoni kwangu. Unapanda, unapanda, huo, sasa umefika juu, hauna pa kwenda, unashuka. Umeshuka?"

"Umeshuka."

"Haya. Hapa sasa ni pako."

Na kweli, ulikuwa umeondoka. Nakijwa alilala chali akastaajabu. Kuta zilikuwa kuta, dirisha lilikuwa na mwanga, nje Senkondo alikuwa anagombana kwa sauti ya chini na mtu aliyetaka kupanda kamba. Hakuna kilichomuuma mahali popote. Alihisi raha ya ajabu, raha ya mtu aliyevua viatu vya kubana, akacheka peke yake.

"Mama, kweli kuna mapumziko!"

"Si nilikwambia? Kula ndizi."

Alikula ndizi. Ukaja tena, akamtazama Saumu usoni, ukapanda, ukashuka. Asubuhi ilienda hivyo. Mwishoni mapumziko yalipungua yakawa mafupi ya kuvuta pumzi tu, na hapo alisema maneno ambayo mama yake alijifanya hakuyasikia. Kisha mkunga Nanzia akasema sasa, na Nakijwa akasukuma kwa kila alichokuwa nacho na vingine ambavyo hakujua anavyo, na mtoto akatoka, mnene na mwenye hasira, akalia mpaka nje Senkondo akajibu kwa kelele zake mwenyewe.

Alikuwa wa kike. Wote walikuwa wazima. Bi Naetwe alipiga vigelegele, akajisahau akafungua mlango na kumpongeza mkwewe usoni kabisa, macho kwa macho, na wote wawili wakatahayari wakatazama pembeni.

Mtoto aliwekwa kifuani kwa Nakijwa. Alinusa, akatafuta, akatulia. Nakijwa alimtazama mpaka macho yakamchoka. Hapo ndipo alipomwona Saumu amejibana ukutani karibu na mlango, tayari kutoka.

"Unakwenda wapi? Njoo umshike."

"Sijui kushika, dada."

"Wewe? Na kuzalisha kote huko?"

Saumu alitikisa kichwa. "Siku ya kuzaa sisi huwekwa chumba cha nyuma. Mtoto akitoka wanazima mshipi, wanatupa sindano ya usingizi, tukiamka mzazi kashaondoka. Wote wale, dada. Sijawahi kumwona hata mmoja. Hata kulia sijawahi kuwasikia."

Nakijwa alimfunika binti yake vizuri, akamnyanyua, akamnyooshea Saumu. Saumu alifuta viganja kwenye gauni mara mbili. Akampokea.

Mtoto alipiga chafya. Saumu alishtuka, kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichokuwa kinakua, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na hakujali kuyafuta.

"Kumbe ndiyo hawa," alisema. "Kumbe ni hawa."

Halafu akageuka, mtoto wa mwenzake kifuani, akamkabili mkunga Nanzia na kusema kwa sauti ya wote kusikia:

"Mkunga, na mimi nina wangu. Miezi mitano. Uzazi uliopita nilikuwa naye pia, na nilitokwa na damu. Andika."

Mkunga Nanzia alikuwa ananawa mikono. Hakuitafuta kalamu. Alijifuta taratibu, akatandika shuka safi kwenye kitanda cha pili, akaupigapiga mto ukawa sawa.

"Yataandikwa baadaye, na tutayajibu pamoja," alisema. "Mrudishe mtoto kwa mama yake, kisha panda hapa, mzazi, nikupime."